Pikapu Iliyougua Mlimani Tu

Ujumbe wa kaka yangu ulikuwa na maneno matatu tu: "Mzee amesahau tena." Nilikuwa Voi, darasani, nikisimamia mtihani wa fizikia wa kidato cha pili, na sikuhitaji kuuliza amesahau nini. Amesahau choki. Wiki ya tatu hiyo, choki ya pikapu ya baba ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya familia yetu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwepesi wa hasira. Wanafunzi wamenipa jina la utani ambalo wanadhani silijui, na marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Kwa hiyo popote nitakaposema hapa kwamba nilinyamaza, jueni nilinyamaza kwa taabu.

Baba anaishi mlimani, nje kidogo ya Wundanyi, peke yake tangu mama atutoke. Alikuwa karani wa ofisi ya kilimo mpaka akastaafu. Ana migomba, ana miparachichi, ana kuku wasiotaka kulala bandani, na ana pikapu. Pikapu yenyewe ni ya petroli, ya kabureta, ya zamani mno. Mimi rangi yake naiita kijani, yeye anaiita buluu, na karatasi za usajili zinasema kijivu. Lakini ndiyo pikapu pekee katika kile kilima chote. Ikishuka sokoni inashuka na ndizi za watu wanane. Viti vya kanisa inabeba, mahindi ya msiba inabeba, mama mjamzito inabeba, na siku mbaya inabeba jeneza. Baba si mtu wa kujisifu, ila nimeona anavyotembea watu wakimwita kutoka ng'ambo ya bonde, "Mzee, kesho unashuka?" Anatembea kama mtu wa miaka hamsini. Ana sabini na tisa.

Basi mvua za masika zilipoanza, pikapu ikaanza kukataa asubuhi. Unazungusha ufunguo, staata inalia, injini haishiki, na harufu ya petroli inajaa uwanja mzima. Akifungua plagi anazikuta zimelowa chepechepe. Anazifuta, anazianika juu ya jiwe, anasubiri, na kwenye saa nne hivi gari inawaka na moshi mweusi tii. Saa nne soko la ndizi limeshakwisha. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili walisubiri. Siku ya tatu kuna mama aliyekosa kliniki, na hapo mtu akampigia kaka yangu simu Mombasa.

Kwa wasioijua kabureta: ni kikombe. Petroli inaingia kwenye kikombe, ndani yake kuna boya linaloelea, na boya likipanda linasukuma sindano ndogo inayoziba tundu ili petroli ikome. Ni tangi la choo, basi, hakuna uchawi. Choki nayo ni kitufe unachokivuta asubuhi ya baridi ili kupunguza hewa, injini ipate petroli nyingi kidogo hadi ishike joto, kisha unakirudisha ndani. Ukisahau kukirudisha, au ukikivuta huku unakanyaga mafuta kama mtu anayeshona kwa cherehani, injini inafurika. Ndivyo kaka alivyoeleza kwenye kikundi chetu cha familia cha simu. Kaka, ambaye gari yake inawaka kwa kubonyezwa, alieleza kwa uhakika mkubwa sana.

"Mzee anavuta choki, anasahau ameivuta, anavuta tena," aliandika. "Shida si gari. Shida ni umri."

Hapo kila mtu akaanza kukumbuka. Dada mdogo akasema baba alifika kwenye mazishi fulani siku moja kabla ya mazishi. Kaka akasema miwani ya mzee ilipatikana kwenye banda la kuku, tena ikiwa imekaliwa. Nami, Mungu anisamehe, nikaongeza langu: kwamba likizo ya Desemba aliniuliza swali moja mara mbili, leo langoni na kesho yake kwenye simu. Swali lenyewe sikulitaja. Nani duniani hajawahi kuuliza jambo mara mbili? Lakini ukishaanza kutafuta kunguni, kila doa kwenye shuka ni kunguni. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwa na vikundi vya simu.

Uamuzi ukawa hivi. Baba anyang'anywe ufunguo kwanza. Pikapu ishushwe Voi kwa fundi. Fundi akiona ni mbovu, itengenezwe, mzee arudishiwe ufunguo wake na maisha yaendelee. Fundi akiona ni nzima, basi aliye mbovu ni mzee, na mzee wa namna hiyo hawezi kuachwa mlimani peke yake na jiko la kuni. Atahamia Mombasa kwa kaka, ghorofa ya nne, na pikapu iuzwe. Na nani akamnyang'anye ufunguo?

"Wewe uko karibu," dada mdogo aliniandikia. "Halafu wewe huogopi."

Huogopi! Niliogopa kutoka Voi mpaka Mwatate, na kutoka Mwatate nikaogopa kona moja baada ya nyingine mpaka juu.

Nilijiandaa kwa vita. Baba yangu aliwahi kubishana na mkubwa wake wa kazi kwa miezi mitatu juu ya mbegu za viazi, na akashinda. Nilikuwa na majibu yangu yamepangwa, la upole mbele, la ukali nyuma. Nilimkuta kibarazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote kwa pumzi moja. Kwamba tumeongea. Kwamba ni kwa usalama wake. Kwamba ni kwa muda tu.

Aliweka ungo chini. Akatoa mfukoni furushi lake la funguo, akatoa na kisu kidogo, akachokonoa ile pete polepole mpaka ufunguo wa gari ukatoka. Akanipa.

"Sawa," akasema. "Breki uipige mara mbili kabla ya kona. Ya kwanza huwa haisikii."

"Baba, huna la kusema?"

"Nyinyi mmesoma, mama. Kama mmeona hivyo, mmeona."

Sawa! Yaani sawa tu! Nilitamani anifukuze, anirushie ungo na maharagwe yake yote, aniambie mimi ni nani wa kumfundisha gari. Ilikuwa mchana, plagi zimeshakauka, pikapu ikawaka bila maneno, nikashuka nayo nikilia kwa hasira na kuzitukana kona. Bibi mmoja aliyekuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe alinipungia mkono akidhani ni baba. Nikampungia.

Fundi wangu wa Voi ni Mkamba, ana gereji nyuma ya maduka, karibu na barabara kuu, uwanja tambarare kama meza na joto la kukaanga yai. Yeye akiwa na watu huongea kidogo. Akiwa na injini huongea kutwa. Aliisimamisha pikapu katikati ya uwanja, akaivua kabureta, akaitandaza yote juu ya gazeti. Alilishika boya akalitikisa karibu na sikio asikie kama limeingiwa na petroli ndani. Halikuingiwa. Akaiinua sindano juani, akaigeuzageuza.

"Imelika kidogo hapa kwa ncha," alisema. "Lakini itasukuma siku."

Akasafisha kila tundu, akapuliza, akarudisha, akanitaka niiache kwake siku tatu. "Ugonjwa wa asubuhi unapimwa asubuhi," alisema, na kwa hilo nilimheshimu.

Asubuhi ya kwanza nilipita kabla ya shule. Akazungusha ufunguo mara moja. Ikashika. Asubuhi ya pili, ikashika kabla hajamaliza kuzungusha. Asubuhi ya tatu niliomba, haki ya Mungu niliomba kimoyomoyo, ewe gari, kataa. Kataa leo tu, uonyeshe uchafu wako. Ikashika kama mpya.

"Madam," fundi akasema akifuta mikono, "hii gari ni nzima kuliko mimi. Hebu mpeleke dereva kwa daktari."

Akacheka. Hakujua alichokisema, maskini, nami nilikuwa nimeshika spana yake nambari kumi na saba. Niliirudisha kwenye sanduku kwa utaratibu. Nikatoka, nikaandika kwenye kikundi: fundi anasema gari haina shida. Kaka akajibu neno moja, "Basi." Jumapili atapanda mwenyewe kutoka Mombasa, tumchukue mzee. Mimi nitangulie Jumamosi na pikapu ili vitu vyake vishuke.

Nikatangulia. Nyuma nilikuwa nimepakia maboksi matupu niliyoomba dukani, na kila nikipiga kona yalikuwa yakigongana, nami nilikuwa nikiyafokea. Nilifika jioni, ukungu umeshaanza kushuka. Nikaegesha uwanjani kama baba alivyonifundisha mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na minane: pua ikitazama bondeni, gia ndani, jiwe mbele ya kila gurudumu la mbele. Kwetu mlimani kila mtu anaegesha hivyo. Betri ikizimia asubuhi, unatoa mawe, unaiachilia iteremke, unaingiza gia ya pili, inawaka yenyewe. Tukiona gari imeegeshwa pua juu tunajua mwenyewe ni mgeni, na tunamhurumia.

Baba alikuwa amepika. Alikuwa pia ameshafunga sanduku lake, moja tu, na juu yake ameweka koti la kanisani. Hakuuliza chochote kuhusu Mombasa isipokuwa kama ghorofa ya nne ina mahali pa kuweka kuku wawili. Nikasema nitamuuliza kaka. Tukala ugali na mboga, tukazungumza habari za mvua, na nililala na mkoba wangu kichwani, ufunguo ndani yake.

Asubuhi niliamka mapema nisogeze pikapu karibu na mlango tupakie kitanda. Nilipofika uwanjani harufu ikanipokea. Nikasema hapana, ni pua yangu tu. Nikaingia, nikazungusha. Staata ikalia. Nikazungusha tena. Nikakanyaga, nikazungusha, nikaitukana pikapu kwa Kidawida, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Wapi!

Ndipo nikaitazama choki. Ilikuwa ndani. Ilikuwa ndani tangu Voi, kwa sababu Voi na joto lake nani avute choki? Ufunguo ulilala kichwani kwangu. Baba hakuikaribia pikapu. Hakuna mtu aliyeigusa gari ile usiku huo, na bado ilikuwa imefurika.

Nilifurahi! Sijawahi maishani mwangu kufurahia gari kukataa kuwaka, lakini nilipiga usukani kwa viganja nikasema, "Asante! Asante, takataka wewe!" Furaha ile ilidumu kama dakika moja. Halafu nikakumbuka sanduku lililofungwa ndani na koti juu yake, nikaona uso wangu ukipata joto.

Baba alitokea mlangoni na kikombe cha chai. Akasikiliza staata ikilia mara moja zaidi.

"Umesahau choki?" akauliza.

"Sikuigusa, Baba. Hata kidole."

Alikiweka kikombe kwenye ukuta wa kibaraza akaja.

Nikampigia fundi. Alikuwa njiani kwenda kanisani na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye viatu safi. Nikaweka simu ipaze sauti, nikaanza kumfokea: kwamba ile gari aliyosema ni nzima imefurika, plagi zinadondoka petroli, na yeye alinihakikishia. Akaniacha nimalize.

"Iko wapi saa hii?"

"Nyumbani. Wundanyi."

"Imesimama aje?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya kwenu ni gani, Madam?"

"Si pua chini? Watu huegesha vipi kwani?"

Nilisikia lori likipita huko kwake barabarani.

"Tangi ya petroli kwa hiyo gari iko wapi?" akauliza, pole pole sana, kama mimi ninavyomuuliza mtoto aliye karibu kupata jibu.

"Nyuma."

"Na sasa hivi nyuma iko juu, ama nyuma iko chini?"

Jamani. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka ishirini na miwili nimechora ubaoni vyombo viwili na mpira katikati, kimoja juu, kingine chini, nikauliza darasa maji yatakwenda wapi. Nimewapa sifuri watoto wa watu kwa swali hilo. Nimewaita wazazi wao.

"Ondoa kifuniko cha chujio la hewa," fundi akaendelea. "Angalia ndani ya koo la kabureta. Usiwashe kitu."

Baba ndiye aliyefungua, kwa mikono yake, kwa sababu anajua ni parafujo ipi imeliwa meno. Tukainama wote wawili, kichwa kwa kichwa. Injini imekufa, ufunguo umetoka, hakuna kinachozunguka, na mle ndani petroli ilikuwa ikiteremka kidogo kidogo ukutani mwa koo, bila haraka yoyote.

"Bana ule mpira wa kutoka tangi."

Niliubana kwa koleo na kitambaa. Ikakoma. Nikaachia, ikaja. Nikabana, ikakoma. Nilirudia mara tano au sita mpaka baba akaniambia nimeshaelewa.

"Ni ile sindano," fundi alisema. "Haizibi sawasawa. Gari ikitembea, injini inakunywa hicho kidogo, huoni kitu. Hapa kwangu ni tambarare, tangi iko chini ya kabureta, petroli haiwezi kujipandia. Huko kwenu inashuka usiku kucha."

"Mbona uliniambia ni nzima?"

"Hapa ilikuwa nzima, Madam. Pole. Ile ncha niliiona nikaidharau." Kisha akasema, "Lakini hiyo gari si ilikuwa na kabomba? Chini ya tangi, kale ka shaba?"

"Bomba gani?"

"Kalikuwako," baba akasema nyuma yangu.

Alipiga goti moja, akishikilia ubavu wa pikapu, akanionyesha mahali. Palikuwa na mpira mweusi mpya, umepita moja kwa moja. Pale, alisema, palikuwa na kibomba cha shaba chenye mkono wa kugeuza. Fundi wa zamani wa Wundanyi alikuwa akivifunga kwenye kila gari ya petroli iliyolala mlimani. Jioni unaegesha, unaweka mawe, unafunga petroli. Asubuhi unafungua. Miaka yote amekuwa akikifunga, mvua au jua, hata siku ya mazishi ya mama alikifunga.

"Desemba uliposhuka nayo kwa service," alisema, "ilirudi bila."

"Madam," ile simu ikasema, "si ni wewe uliniambia nikatoe? Nilikuambia kanadondosha, nitafute kengine. Ukasema toa tu, weka mpira mpya. Wakati huo sindano ilikuwa bado inaziba."

Kumbe. Kumbe! Ilikuwa zawadi yangu ya Krismasi kwa baba, ile service. Nilimrudishia pikapu imeoshwa hadi chini ya madigadi, nikajiona mtoto wa maana kuliko wote.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Lini?"

"Siku uliyoileta, hapo langoni. Nilikuuliza kibomba changu kiko wapi. Ukasema magari ya siku hizi hayana mabomba. Nikaona labda hukunisikia vizuri. Kesho yake nikakuuliza kwenye simu." Alinyanyuka, akapangusa goti. "Ukaniambia, Baba, hilo umeshaniuliza."

Nilitafuta kichwani mwangu. Nilikumbuka kwamba aliniuliza mara mbili. Hilo nilikuwa nimelitangaza kwa ukoo mzima. Swali lenyewe halikuwemo. Sikuona kibomba, sikuona lango, sikusikia sauti yake, hakuna. Mimi ninayekumbuka alama za mtoto aliyeondoka shuleni miaka kumi iliyopita! Nyani haoni kundule, wanasema, nami nilikuwa nimekaa juu ya mti mrefu kabisa nikiwaonyesha wengine kidole.

Nikamwambia fundi aende zake kanisani, aniombee. Baba alikuwa ameshachukua spana ya plagi. Akazitoa zote nne, akazifuta kwa shati kuukuu, akazipanga kwenye jiwe la kibarazani zitazame jua. Tukasukuma pikapu kidogo mpaka penye usawa karibu na choo, tukaketi kungoja zikauke. Chai yake ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyo hivyo.

Kuna jambo lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ile ya maharagwe, nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Nilipokuja kuchukua ufunguo. Mbona hukubisha?"

Alitazama zile plagi.

"Nilikuwa nimeshawaamini," akasema.

Akainuka akaingia ndani. Nilisikia akifungua sanduku lake lililofungwa, akihamisha nguo. Alirudi na daftari la shule, lile la kurasa thelathini na mbili lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, akaniwekea mapajani kama mtu anayekabidhi kazi ya nyumbani.

Lilianza siku kaka alipompigia simu mara ya kwanza kumwambia kuhusu choki. Mwandiko wa karani, mistari imepigwa kwa rula. Tarehe. Saa. "Jioni. Choki iko ndani. Nimeiona kwa macho na kuishika kwa mkono." Siku iliyofuata hivyo hivyo. Asubuhi: "Gari imekataa. Petroli nyingi. Choki ilikuwa ndani." Jioni: "Choki iko ndani. Nimeshika." Siku tisa, kumi, za namna hiyo, kila moja na sahihi yake kamili chini kana kwamba daftari lingepelekwa makao makuu. Halafu kuna ukurasa ambapo, bila sababu yoyote iliyoandikwa, neno likaongezeka. "Jioni. Choki iko ndani, nadhani."

Kesho yake: "Choki iko ndani, nadhani." Na kesho yake. "Nimeangalia mara tatu. Iko ndani, nadhani." Kutoka hapo kila mstari ulikuwa na nadhani yake, mpaka siku niliyopanda kuchukua ufunguo, na baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu.

Nililia. Sikulia kwa hasira safari hii, hasira ningeijua. Nililia nikiwa nimelishika daftari mbali na uso nisililoweshe, na baba akaniacha, akageuza plagi upande wa pili. Nilimwambia pole. Nilimwambia mara mbili, tatu. Aliitikia kwa kichwa kila mara kama mtu anayehesabu magunia, lakini hakusema haidhuru. Nilishukuru hakusema.

Kwa mbali chini tukaanza kusikia gari ikipanda, gari laini, isiyojua kona zetu. Baba akaangalia bondeni, kisha akalichukua daftari kutoka mapajani mwangu.

"Mwalimu," akasema, "kalamu nyekundu unayo?"

Ninazo daima. Nikampa moja kutoka mkobani. Akavaa miwani, akautafuta ule ukurasa ambao neno lilianzia, akaliweka daftari juu ya goti na kuanza kulikata lile neno. Hakukata mstari mzima. Alikata nadhani tu, mstari mmoja ulionyooka juu ya kila moja, na pembeni anatia sahihi fupi, jinsi makarani wanavyosahihisha kumbukumbu ili asije mtu kusema zimeghushiwa. Akageuza ukurasa, akaendelea. Hakuwa na haraka.

Kaka akafika langoni akapiga honi. Baba hakuinua kichwa. Honi ikalia tena, na tena, kisha mlango wa gari ukafunguliwa na sauti ya kaka ikaita, mzee yuko tayari?

"Mwambie asubiri," baba akasema. "Zimebaki nne za kukata."